Muulize Bibi Shamba: Ngano Yangu Imegoma Kukua

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa bibi shamba wa serikali kwa miaka 31, nikastaafu, nikahamia kwa mwanangu Kinyerezi nikidhani nimemalizana na jembe. Mjukuu wangu akanishikisha simu, akanionyesha gemu ya Minecraft, na leo nina mashamba mengi kuliko niliyowahi kumiliki maishani, yote ndani ya kioo. Safari hii barua ni tatu. Ya kwanza imenigusa pabaya, kwa hiyo nitakaa nayo zaidi.

*Shikamoo bibi. Niko kidato cha tatu, naishi Tabata. Nina shamba la ngano kwenye Minecraft, 20 kwa 20, nimelilima lote kwa jembe la jiwe. Tunacheza wanne, dunia yenyewe iko kwenye simu ya binamu yangu. Nimechimba mfereji wa maji pembeni mwa shamba, upande mmoja, nikapanda mbegu kila mahali. Nyumba yangu iko mlimani kwenye chuma, kama hatua 300 kutoka shambani. Kila usiku ukiingia nalala haraka ili kukuche, ngano ikue. Sasa siku kumi za humo ndani zimepita na majani ni mafupi vilevile, isipokuwa mistari iliyo karibu na mfereji imejitahidi kidogo. Wenzangu wananiita mkulima hewa. Mbegu mbovu, au gemu inanionea?*
*Mkulima Hewa, Tabata*

Marahaba mjukuu wangu. Mbegu haina kosa. Humo hakuna mbegu feki iliyopakwa rangi ikatiwa kwenye pakiti ya kuvutia. Ukivunja nyasi ukaokota mbegu, hiyo itaota. Na gemu haikuonei. Kosa ni nyumba yako.

Najua ulitegemea nianze na maji, nayo nitayafikia. Lakini hiyo nyumba ya mlimani ndiyo inayokumaliza. Minecraft haiendeshi dunia nzima kwa wakati mmoja, simu ya binamu yako ingeungua mkononi. Imeikata dunia vipande vipande, kila kipande matofali 16 kwa 16 (nayaita matofali kwa sababu kila kitu humo ni mchemraba wa mita moja), na vipande vinavyoishi ni vile vilivyo karibu na mchezaji. Kwenye toleo la simu, umbali huo unachaguliwa kwenye mipangilio ya dunia, na huanzia vipande 4. Kama binamu yako ameuacha hapo, ukishatoka shambani mita sitini na kitu, nyuma yako kila kitu kinaganda. Maji hayatembei, ndama hakui, ngano haiongezeki hata ukucha. Haifi, inakusubiri tu. Unarudi unaikuta palepale ulipoiacha, unasema imegoma, kumbe wewe ndiye uliyegoma kukaa nayo.

Hata ukiwa umesimama katikati ya shamba, ngano haikui yote kwa pamoja. Kila mara gemu inaokoteza matofali machache katika kipande kwa kubahatisha, kama mgambo anayegonga mlango huu na kuruka ule. Tofali lililogongwa likiwa na ngano, huenda likasogea hatua moja. Ngano ina hatua 8 tangu inapochomoza hadi inapokuwa na rangi ya kaki. Ndiyo maana shamba lako litakuwa na vichwa vilivyoiva kando ya vichanga. Usivune kabla ya kaki, utaambulia mbegu tupu.

Sasa nikueleze kwa nini barua yako imenigusa. Sisi watu wa Dar tuna jina la ugonjwa wako: kilimo cha simu. Mtu yuko ofisini Posta, shamba liko Mkuranga au Bagamoyo, na kilimo kinafanyika kwa kupiga simu na kutuma hela. Nimewahubiria watu wasifanye hivyo miaka yote ya kazi yangu. Halafu nikastaafu, nikapata kiinua mgongo, nikanunua ekari tatu Mkuranga, nikapanda matikiti, nikamweka kijana, nikarudi Kinyerezi. Bibi shamba mzima!

Kijana alikuwa mchangamfu. Leo ya dawa ya wadudu, kesho ya mafuta ya pampu, keshokutwa ya vibarua wa palizi. Nikimuuliza shamba likoje, ananitumia picha. Tikiti huchukua siku 75 hadi 90, na yalipofika siku ya sitini na kitu akanitumia picha ya matikiti makubwa, mazuri, yamelala kama watoto waliolishwa wakashiba. Nikaionyesha kanisani. Usiku nikaitazama tena nikiwa nimevaa miwani, nikaona nyuma ya matikiti kuna minazi miwili imeinamiana. Kwenye ekari zangu tatu hakuna mnazi hata mmoja. Asubuhi nikapanda gari Mbagala Rangi Tatu hadi Mkuranga, nikafika shambani: magugu kiunoni, pampu haipo, kijana hayupo. Lile shamba la kwenye picha lilikuwa la jirani, na jirani mwenyewe akanikata tikiti moja kwa huruma.

Kwa hiyo nilipogundua kwamba Minecraft inasimamisha shamba la asiyekuwepo, nilicheka peke yangu hadi mjukuu akaja kuuliza kulikoni. Angalau gemu haikutumii picha ya minazi.

Dawa yako ni hii. Hamisha kitanda. Jenga kibanda kando ya shamba, cha mbao tu kinatosha, na chuma ukifuate mchana kama kibarua. Au mshawishi mmoja wenu anayependa kujenga kuliko kutembea aweke nyumba yake hapo, maana dunia inaishi karibu na mchezaji yeyote, si wewe peke yako. Ila kumbuka kwamba dunia iko kwenye simu ya binamu yako. Akitoka, inafungwa kwenu wote. Ukiwa darasani na yeye hachezi, huko ndani hapapiti hata sekunde.

Na hili la kulala. Siku nzima ya humo ni dakika 20 za saa yetu, usiku ukiwemo. Ukilala unaruka usiku, lakini unauruka wewe na jua tu. Ngano haihesabu siku, inahesabu muda ambao gemu imekuwa ikigonga milango, na ule usiku ulioruka haukugonga mlango wowote. Kwa hiyo zile siku zako kumi ni pungufu sana ya kumi. Usiku mwingine usilale. Zungushia shamba uzio, weka mienge, kaa ndani upange makasha yako, na mwenzako aendelee na kazi yake nje.

Haya, maji. Maji ya Minecraft yanalowesha udongo hadi matofali 4 kutoka yalipo, kila upande, pembe zikiwemo. Yawe usawa mmoja na udongo au tofali moja juu yake. Yakiwa chini, hayapandi. Wewe una mfereji upande mmoja wa shamba lenye mistari 20. Iliyolowa ni mistari 4. Yaani kati ya matofali 400 uliyopanda, 320 yako jangwani. Ngano kwenye udongo mkavu hujikongoja, ndiyo maana ile ya karibu na mfereji imekuzidi akili. Usiuzibe mfereji wa zamani. Hesabu mistari kuanzia hapo: chimba mwingine mahali pa mstari wa 9, na mwingine mahali pa mstari wa 18. Wa kwanza unashika wa 1 hadi wa 4, wa pili unachukua wa 5 hadi wa 13 ukiutoa wenyewe, wa tatu unamalizia. Umepoteza mistari 2, matofali 40, lakini 360 yote yamelowa. Ndoo moja ikimwagwa katikati ya mfereji ulio sawasawa hutiririka matofali 7 kila upande, kwa hiyo mfereji wa 20 unataka ndoo mbili.

Ndoo ni vipande 3 vya chuma, na chuma unacho. Kama mto uko mbali, chimba shimo la 2 kwa 2, kina tofali moja, mwaga ndoo mbili kwenye pembe zinazotazamana. Shimo litajaa, na kila utakapochota litajirudisha lenyewe, milele. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilinyamaza kidogo. Mimi ninayejua bei ya dumu la lita 20 mtaani kwetu wiki ambayo bomba limekauka.

Ukianzisha shamba lingine, usifanye refu namna hiyo. Lima 9 kwa 9, tofali la katikati liwe maji, unapata matofali 80 ya kupanda bila mfereji. Sisi tulikuwa tunawapimia wakulima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Ndani ya ekari moja vishamba vya 9 kwa 9 vingeingia kama 50. Nakuambia ili ujue ukubwa wa unachokiita shamba.

Kingine ambacho wengi hawakijui: usipande ngano tupu. Zao moja likizungukwa na wenzake wa aina ileile kila upande, linapunguza mwendo. Panda kwa mistari ya kupokezana: ngano, karoti, ngano, viazi. Shambani kweli tunachanganya mahindi na maharage kwa sababu nyingine kabisa, maharage yanairudishia ardhi chakula chake, lakini sitagombana na gemu inayofika pazuri kwa njia isiyo yake.

Na mahindi usiyatafute. Hayamo. Wala mpunga. Waliotengeneza gemu hii ni watu wa Stockholm, Sweden, wakaitoa rasmi mwaka 2011, wakaweka ngano, viazi na kiazisukari chekundu cha supu zao. Ngano yenyewe humo inaota popote penye maji na mwanga, hata jangwani. Ya kwetu ukitaka kuiona uende Hanang au nyanda za Makete, kwenye baridi. Ukiipanda Tabata utavuna lawama.

Machache ya haraka. Usirukeruke shambani, ukitua kwenye udongo uliolimwa unarudi kuwa udongo usiolimwa na mche unang'oka. Mimi nililiezeka shamba langu la kwanza kwa mawe nikidhani najenga kitalu, likawa giza na hakuna kilichoendelea. Mazao yanataka mwanga wa kiwango cha 9 kwenda juu, mwenge unatoa 14 na hupungua kwa 1 kila tofali. Masalia ya mazao usitupe, yatie kwenye pipa la mboji, likijaa linakupa unga wa mifupa, nao ukiumwaga kwenye mche unarefuka palepale. Na ukipata kijiji chenye mkulima wa kofia ya majani, anza kumuuzia: ngano 20 kwa zumaridi moja. Hapo ndipo wale wenzako watakapoanza kukuita mwekezaji.

*Habari za kazi dada Bibi Shamba. Mwaka 2010 nilikuwa na FarmVille kwenye Facebook, tulikuwa tukicheza kwenye kompyuta za ofisi bosi akitoka. Nilikuwa naamka saa nane usiku kuvuna stroberi. Juzi nimelitafuta shamba langu silioni. Nimesahau namna ya kuingia, au limefutwa? Na kama limefutwa, nipate wapi lingine ambalo halitaniamsha usiku, sasa hivi nina presha.*
*Mama Stroberi, Mwananyamala*

Nzuri, mdogo wangu, na pole. Hujasahau kitu. FarmVille ilianza Juni 2009 na ikafungwa tarehe 31 Desemba 2020. Ilikuwa imejengwa juu ya programu ya Flash, na Flash yenyewe ilikuwa inastaafishwa siku hiyohiyo. Walioitengeneza, Zynga wa San Francisco, walitangaza mapema, lakini nadhani wewe na mimi wakati huo tulikuwa tumeshasahau hata nywila. Shamba haliwezi kurudishwa.

Stroberi zilikuwa za saa 4, nakumbuka vizuri maana hata ofisini kwetu palikuwa na wagonjwa. Ukizipanda saa nne usiku, saa nane ziko tayari, na ukichelewa sana zinanyauka. Hapo utaona tofauti na gemu ya yule kijana wa Tabata: ile inaganda ukiondoka, hii ilikuwa inakukimbiza hata ukiwa umelala na mume wako. Walijua wanachokifanya. Mtu anayeogopa kunyaukiwa hurudi kutazama.

Kwa presha yako, Hay Day ya Supercell, watu wa Finland, ina mazao yasiyonyauka. Ngano ni dakika 2, ukiiacha hadi kesho unaikuta inang'aa. Ila inataka intaneti muda wote. Mimi ningekuelekeza Stardew Valley, iliyotoka mwaka 2016, ipo hata kwenye simu, unainunua mara moja na hailazimishi intaneti. Iliundwa na mtu mmoja tu, Eric Barone wa Marekani. Picha, muziki, hadithi, vyote alifanya mwenyewe kwa miaka kadhaa. Muda wake unatembea ukiwa unacheza tu, ukizima unalala na shamba linalala. Ina misimu minne ya siku 28, ya kwao, hakuna masika wala vuli yetu, na jihadhari na siku ya 28: mazao mengi ya msimu mmoja hufa msimu ukibadilika. Nilipoteza maboga hivyo. Sikukosa usingizi.

*Bibi Shamba, shikamoo. Mwanangu ana miaka 12. Bando la wiki ninalomwekea linakwisha siku ya pili, nikimuuliza anasema "mama nalima". Anajifunza kilimo kweli, au nauziwa mbuzi kwenye gunia?*
*Mama wa Kigamboni*

Marahaba mwanangu. Kwanza bando. Minecraft ikishawekwa kwenye simu, kucheza peke yako hakuhitaji intaneti. Hata watoto wawili wakikaa sebule moja wanaweza kucheza dunia moja kwa simu moja kurusha waifai na nyingine kuishika, bila kununua megabaiti. Zima data mbele yake umwambie aendelee kulima. Akilalamika, basi bando lilikuwa linaliwa na video za watu wengine wanaocheza. Mjukuu wangu nilimkamata hivyohivyo.

Kuhusu kujifunza, kuna anachokipata. Atajua maji yana umbali wake, atajua uzio unatangulia mifugo, atajua hesabu ya mistari, na atajua ng'ombe hazai bila kula. Lakini gemu imemficha mengi. Humo jembe linapita mara moja, magugu hayaoti. Ardhi haichoki, unaweza kupanda ngano mahali pamoja mwaka mzima. Hakuna kiwavi. Wakati viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017 niliona watu wazima wamekaa kwenye matuta ya mahindi wameshika tama, hilo halimo. Ndama anakuwa ng'ombe kamili kwa dakika 20, wakati mama yake wa kweli anabeba mimba miezi tisa. Na mnunuzi hakukwepi msimu wa mavuno.

Usimnyang'anye simu. Chukua dumu la lita 20 lililotoboka, likate kwa ubavu, toboa matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, umpe mbegu za mchicha. Azimwage juu juu, afunike kidogo sana kwa udongo, anyunyize maji asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu, si kwa kumwaga. Miche ikibanana aipunguze. Wiki ya tatu hadi ya nne mnachuma. Dumu likae karibu na mlango wa jikoni, mahali anapopita kila siku akienda chooni; likiwekwa nyuma ya nyumba atakuwa anakuuliza wewe limefikia wapi, na wewe utakuwa umeshaajiriwa.

Kuku wako wafungie.